Binti za Boleyn

Juma hili tuliitazama filamu "The Other Boleyn Girl" ya mwaka 2008. Tulitazamia kuona jinsi mfalme Henry VIII wa Uingereza alivyojitenga na Roma ili amwache mkewe Catherine. Hayo yamo, ila kwa kupita tu.

Kilichotushika ni baba. Thomas Boleyn na shemeji yake, Duke wa Norfolk, wanamsogeza Anne mbele ya mfalme. Mfalme anapomtamani Mary, aliyekwisha kuolewa, wanamtoa huyo pia. Ndugu wa tumbo moja wanageuka mahasimu kwa faida ya wakubwa wao. Anne alikatwa kichwa tarehe 19 Mei 1536, na aliyesimamia hukumu yake alikuwa mjomba yuleyule.

Filamu yaonyesha Mary akirudi kumwombea dada yake. Historia haina ushahidi wa jambo hilo, lakini tuliguswa. Nasi tumepata kuketi na dada wawili wasiosalimiana, tukawasihi wasameheane. Baba yao, mzee anayeheshimika katika jumuiya, alikuwa amekaa kando. Hatukumwuliza neno.