Dakika Tano za Tunduma

Jumanne, 3 Oktoba 2023, usiku

Watoto wamelala. Tangu saa mbili nimeingia chumbani mara nne kuwashika paji la uso, na kila mara mkono umetoka mkavu. Naandika usiku huu huu kwa sababu sitaki kesho nijidanganye kwamba lilikuwa jambo dogo.

Saa nane na nusu mchana nilimchukua Mkubwa chekechea, nikampitia Mdogo kwa dada anayenishikia, nikaenda moja kwa moja benki. Mzigo wa mteja wangu umekwama mpakani tangu Jumapili na malipo yalitakiwa yaingie leo ndipo kadhia iendelee. Mdogo alikuwa ameshalala kwenye kiti chake. Kumwamsha ni kujitafutia kilio cha saa nzima. Kupitia mlango wa kioo niliona watu wawili tu dirishani. Nikaegesha ng'ambo ya barabara, nikapandisha vioo kwa ajili ya vumbi na vibaka, nikaacha upenyo wa kidole kimoja. Nikamwambia Mkubwa, "Mama anaingia mara moja, dakika tano. Usimfungulie mtu yeyote." Nikabonyeza rimoti.

Mtu wa kwanza akahudumiwa. Zamu ya wa pili ilipofika mfumo ukagoma, mhudumu akatuomba subira. Nikawaza: nikitoka napoteza nafasi, na dakika tano hazijaisha. Zilipoisha nikawaza yale yale. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Hakuna mahali nilipokata shauri la kuwafungia watoto nusu saa. Nilikata shauri la dakika tano, kisha la dakika mbili zaidi, kisha la "huyu wa mbele akimaliza tu".

Nilitoka baada ya dakika thelathini na tano. Kando ya gari alisimama kijana mmoja wa wale wanaobadilisha kwacha, vitita vyake kavibana kwapani, mwavuli wake mkubwa kauegemeza kwenye kioo cha upande wa jua. Mama muuza ndizi alikuwa ameinama kwenye ule upenyo wa kidole akizungumza na Mkubwa. Mkubwa alikuwa amevua sweta la shule na kumvua mdogo wake la kwake. Nywele za wote wawili zimelowa. Mdogo kakodoa macho, halii.

Kijana akaniambia, "Mama, huyu mdogo alilia sana. Kilichonitisha ni pale alipoacha kulia."

Alikuwa amemwomba Mkubwa asogee mbele avute kitasa. Mkubwa alikataa. Alimjibu kwamba mama kasema asimfungulie mtu. Chini, karibu na tairi, palikuwa na jiwe la ukubwa wa ngumi. Walikuwa wameshalileta.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mkubwa alinitii. Nimelirudia neno hilo siku mbili nzima. Nilimfundisha mwenyewe, na nilikuwa na sababu, maana tunaishi mpakani. Hapa nyumba za Tunduma na za Nakonde zinapumuliana, mtu akikata uchochoro mmoja yuko nchi nyingine bila kugongewa muhuri. Kila mzazi wa mji huu amemwambia mwanawe asiondoke na mtu asiyemjua. Ila sikumwambia afanye nini siku ambayo mtu asiyemjua ndiye mwokozi wake, na mama aliyemfungia yuko upande wa pili wa barabara.

Hata angetaka kufungua mlango ulio karibu naye, milango ya nyuma ina ile loki ya watoto. Niliiweka mwenyewe wiki tulipolinunua gari, ili wasije wakafungua tukiwa mwendoni. Milango hiyo hawawezi kuifungua kwa ndani, na nje hakuna mwenye rimoti zaidi yangu.

Baba watoto kapiga simu kutoka Kasumbalesa, yuko kwenye foleni ya malori siku ya tatu. Nilimweleza yote. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mimi pia nimewahi kuwaacha." Tangu tuoane sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo hivyo.

Ofisini wenzangu wawili wameniambia natia chumvi. Hapa ni nyanda za juu, wanasema, siyo Dar es Salaam. Ni kweli, tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai tunashinda na makoti. Sikuwa na jibu la kuwapa. Nikakata shauri nipime.

Jumamosi, 14 Oktoba

Leo Nyerere Dei, ofisi zimefungwa. Jirani yetu mwalimu wa sayansi ameniazima kipimajoto cha maabara. Nimeliegesha gari uani, vioo nimeviacha vile vile kama siku ile, upenyo wa kidole. Nimekitundika kipimajoto nyuma ya siti ya mbele, mbali na jua la moja kwa moja, nikakaa kibarazani na saa.

Saa tano kasoro, nje kivulini: nyuzi 25. Hewa nzuri kabisa, upepo ukitoka upande wa Zambia. Baada ya dakika kumi, ndani 32. Baada ya ishirini, 38. Nusu saa ilipotimia ilisoma 42. Niliiacha saa nzima, ikafika 46. Nilipofungua mlango, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria.

Mwalimu hakushangaa. Alinionyesha kitalu nyumba cha nyanya cha mtu wa mtaa wa pili: mwanga unapita kwenye nailoni, unapasha kilichomo, na joto halipati njia ya kutokea. Kioo cha gari hufanya kazi ile ile, na siti nyeusi na dashibodi ndiyo meko. Akanitafutia utafiti wa Marekani wa mwaka 2005, wa watafiti waliofanya kama nilivyofanya mimi, siku za joto la kawaida na siku za joto kali. Gari lilipanda wastani wa nyuzi 22 kwa saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko ilikuwa katika nusu saa ya kwanza. Kushusha kioo kidogo hakukuleta tofauti ya maana. Kwa hiyo ule upenyo wangu ulikuwa wa kuituliza roho yangu tu. Na mwili wa mtoto mdogo hupanda joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima. Joto la mwili likipita nyuzi 40 viungo huanza kushindwa kazi, na kuacha kulia ni mojawapo ya dalili.

Kwa hiyo yule kijana alisikia vizuri.

Jumapili, 22 Oktoba. Mbozi

Tumekuja kumsalimia mama mkwe. Nilikuwa sitaki kumwambia, ila Mkubwa ndiye aliyeanza kusimulia habari ya mwavuli, kabla hata bibi hajamaliza kuitikia shikamoo.

Hakunigombeza. Aliendelea kuchambua kahawa yake, kisha akauliza, "Kwa nini hukumbeba?"

Nikasema alikuwa amelala.

"Mgongoni hawalali?"

Amelea watoto saba kwenye shamba hili la buni. Akasema aliye mdogo alikaa mgongoni, na aliyeshindwa kubebeka aliachwa chini ya mgomba na mwenzake wa miaka saba au minane. Nikadhani nimepata pa kushika. "Kumbe hata nyie mliwaacha, mama." Akanitazama. "Tuliwaacha, mwanangu, ila hatukuwafungia. Akilia nasikia. Akiinuka namwona. Siafu wakija, atakimbia." Akaongeza kwamba hata hivyo mmoja aliwahi kuanguka kwenye shimo la samadi, na mpaka leo halisahau.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi, kuanzia Vwawa hadi tulipokutana na mkia wa malori Mpemba. Bibi hakuwa na swali la kumwacha mtoto garini kwa sababu alikuwa na mgongo. Mimi kazi ya mgongo nimelikabidhi gari. Gari linabeba, halichoki, linamlaza mtoto. Lakini mgongo ukipata joto unalisikia.

Ijumaa, 27 Oktoba

Ndugu yangu anayefanya kazi Doha amenitumia ujumbe mrefu wa sauti. Mwaka jana, Septemba, mtoto wa kike wa miaka minne alisinzia ndani ya basi la shule huko Al Wakrah. Wenzake wakashuka, mlango ukafungwa. Siku hiyo ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Wizara ya elimu ya Qatar iliifunga ile shule ya chekechea. Ndugu yangu anasema akina mama wa Afrika Mashariki wanaolea watoto wa watu kule hawakulala wiki ile, kila mmoja akijiuliza angekuwa yeye.

Nimemjulisha habari hiyo mwenye Noah inayobeba watoto wa mtaani kwetu. Nimemwomba, kila anapowashusha, atembee hadi siti ya mwisho ashike kila kiti kwa mkono. Vioo vya Noah ni vyeusi, mtoto aliyelala haonekani kutoka nje. Alinisikiliza vizuri, akaahidi.

Na si Qatar pekee: Marekani hufa wastani wa watoto karibu 37 kila mwaka kwa joto la ndani ya magari, tangu hesabu ilipoanza kuwekwa mwaka 1998. Zaidi ya nusu yao walisahauliwa: mzazi alidhani ameshamshusha kwa mlezi, akaenda kazini. Zamani ningemwita mzazi huyo mnyama. Sasa najua namna dakika zinavyoteleza, na siwezi tena kumtukana. Lakini pia siwezi kusema ni bahati mbaya tu.

Tena si kila kumwacha mtoto ni kumoja. Mwaka 1997 mama mmoja wa Denmark alikamatwa New York kwa kumwacha mtoto wake kwenye kigari cha kusukuma nje ya mgahawa, huku yeye akiwa ndani. Kwao ni desturi, watoto hulazwa nje wapate hewa. Watu waligombana kuhusu jambo hilo magazetini, wengine wakisema ni ukatili, wengine wakisema ni ulezi. Mimi naona mama mkwe angemwelewa Mdenishi huyo haraka kuliko angenielewa mimi. Mtoto alikuwa hewani, mama yuko upande wa pili wa dirisha.

Kwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 9, inamtaka mzazi anapoondoka kwa muda ahakikishe mtoto anaangaliwa na mtu anayeweza kazi hiyo. Haitaji gari. Haihitaji kulitaja. Siku ile niliyemwachia ulezi ni mtoto wa miaka mitano, na alifanya vyote alivyoweza: alimvua mdogo wake sweta.

Jumatano, 1 Novemba

Nimerudi kwa yule kijana wa kwacha. Nilikuwa nimemshukuru kwa haraka siku ile, kwa aibu. Leo nimemletea chakula cha mchana na nikamnunulia mama wa ndizi mkungu wake mzima. Kijana aliniambia jambo ambalo sikulitegemea: aliogopa kuvunja kioo. Angevunja, na mimi nikatokea wakati huo, watu wangepiga kelele za mwizi, na hapa kelele za mwizi haziulizi maswali. Kwa hiyo alimwita kwanza mama wa ndizi awe shahidi, kisha akatafuta jiwe. Muda wa kutafuta shahidi ulikatwa kwenye muda wa mwanangu.

Nimemwambia mbele ya watu, kwa sauti: ukimwona mtoto amefungiwa ndani ya gari langu, vunja. Nimewaambia na wenzangu wa ofisini, wale walioniona natia chumvi. Mmoja wao sasa ameomba kipimajoto.

Jumamosi, 4 Novemba

Tumefanya mazoezi uani. Loki ya watoto naiondoa tukisimama, naiweka tu tukianza safari. Mkubwa amejifunza kupita katikati ya siti, kuvuta kitasa cha mbele na kubonyeza honi mpaka mtu mzima aje. Nimemwambia, ukisikia joto au hofu, fungua, hata mama akiwa amesema usifungue. Aliuliza mara mbili kama kweli. Nikamwambia kweli.

Honi haitoshi, najua. Kwenye mji wenye malori haya yote nani atageuka? Na akifungua mlango akashuka, dereva wa lori aliye juu hamwoni mtoto aliye chini ya kioo chake. Haya ni mafunzo ya dharura, hayanipi ruhusa ya kuwaacha.

Na ufunguo hauachwi ndani. Kioo cha umeme kinaweza kumbana mtoto shingo, na mtaa wetu ni mteremko, gari linaweza kuserereka.

Nimejiuliza kuhusu duka la pale kwenye kona, hatua kumi. Huwa naacha milango wazi, nanunua mkate huku tunaongea. Hapo sijaona kosa na sitajitafutia. Nawasikia, wananisikia, na wakitaka kushuka watashuka. Nikilazimika kufunga mlango, basi wanakuja na mimi, au nawakabidhi kwa mtu mzima kwa jina lake na ananijibu "nimewapokea".

Jumanne, 7 Novemba

Benki tena, saa nane u nusu. Mawingu yametanda, nadhani mvua iko karibu. Mdogo alikuwa amelala. Nimemfunga mgongoni kwa kitenge, akafumbua macho, akayafumba. Mkubwa nimemshika mkono tukavuka barabara. Dirishani kulikuwa na watu watatu.

Tumetoka baada ya dakika arobaini na saba.