Nyundo Alianzia Hapa: Barua kutoka Pangani

Mwalimu,

Nimefika Pangani salama. Nakuandikia kutoka barazani kwenye nyumba ya wageni, mto uko mbele yangu, maji yake mekundu kwa udongo uliotoka huko juu Kilimanjaro na Meru. Pantoni inavuka kwenda Bweni na kurudi, imebeba bodaboda, magunia ya nazi na wanafunzi wenye madaftari mikononi. Joto la hapa silisemi. Koti nililotoka nalo Iringa lipo chini kabisa ya begi.

Unajua nilivyo na tabia ya kutafuta makumbusho kila mji ninaofika. Nilianzia Tanga mjini, kwenye Makumbusho ya Urithi, ndani ya boma la zamani la Wajerumani. Ni mahali padogo, pametunzwa na watu wanaoupenda mji wao. Nilisimama sana mbele ya picha za zamani: bandari, reli, majengo ya serikali, mitaa iliyopigwa mstari ulionyooka. Picha za namna hiyo hunitia shukrani na huzuni kwa pamoja. Shukrani kwa sababu bila hizo tusingejua mji ulikuwaje. Huzuni kwa sababu aliyeshika kamera ndiye aliyeamua nani asimame mbele na nani abaki nyuma akishika mzigo.

Kutoka Tanga nilishika barabara ya kusini. Njia hiyo ina mambo mengi kuliko urefu wake: Machui alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, halafu Tongoni na msikiti wake wa kale uliobomoka katikati ya makaburi yenye minara, kazi ya mafundi wa karne nyingi kabla ya Mjerumani yeyote kuijua pwani hii. Kisha mashamba ya mkonge, mistari hadi macho yachoke. Shaaban Robert huyohuyo aliwahi kuwa karani wa forodha hapa Pangani, na kila nikipita jirani na forodha ya zamani namfikiria kijana yule akiandika mizigo ya watu mchana na mashairi yake usiku.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni jingine, nalo linatuhusu sisi watu wa Iringa.

Ulitufundisha vita vya Lugalo. Ulitupeleka hadi kwenye mnara wa Wajerumani, ukatueleza namna tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilivyouvizia msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski na kumwua yeye na wengi wa askari wake. Ulitwambia pia jina alilopewa na watu: Nyundo. Sisi tulimjua Nyundo kama mtu aliyetokea njiani, akafa njiani. Sasa nimekaa katika mji alikoanzia. Miaka mitatu kabla ya Lugalo, karibu siku kwa siku, Zelewski alikuwa hapa Pangani.

Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani kwa miaka 50. Mwezi Agosti mawakala wa Kampuni wakashuka mijini kupokea walichokiona kuwa mali yao. Pangani aliletwa Zelewski. Alitaka bendera ya Kampuni ipepee, alitaka liwali Abdulgawi bin Abdallah awe chini ya amri yake. Liwali alikataa. Basi Zelewski akaomba msaada wa manowari Carola, askari wa majini wakashushwa mjini, mlingoti wa bendera ya Sultani ukakatwa. Katika kumsaka liwali waliingia hadi msikitini na mbwa. Siku zenyewe zilikuwa za Idi ya Mfungo Tatu.

Mwalimu, nilikuwa nimeyasoma haya kitabuni, kwa sentensi mbili tatu. Kuyasikia hapa ni kitu kingine. Bibi mmoja niliyemwamkia jioni barazani kwake, baada ya "Marahaba mwanangu, karibu" na kikombe cha kahawa, alianza kwa mbwa. Hakuanza kwa mkataba wala bendera. Kwake vita vile chanzo chake ni mbwa waliopitishwa mahali watu wanapoweka vipaji vyao vya nyuso. Mambo ya Sultani na Kampuni yalikuja baadaye, kama maelezo ya pembeni. Nimefikiri sana juu ya mpangilio huo wake, nikaona una haki: bendera ilikuwa jambo la wakubwa, msikiti ulikuwa wa wote.

Mwezi Septemba watu wa Pangani walimzingira Zelewski na wenzake ndani ya nyumba. Aliokolewa na Lloyd Mathews, mkuu wa jeshi la Sultani, akapelekwa Zanzibar. Hivyo Nyundo aliondoka Pangani kwa kutolewa, na sijui kama aliyetoka mji huu vile angepaswa kupewa tena jeshi la kuongoza. Wajerumani wenyewe walimpa, na Wahehe wakamalizia hesabu.

Aliyekuja kuwa uso wa vita vile ni Abushiri bin Salim al-Harthi. Mwaka huohuo wasafiri wa Kizungu Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wakitoka Usambara, walikamatwa huku na watu wake na kufungwa minyororo hadi ilipolipwa fidia ya rupia 10,000. Mwaka uliofuata Meyer huyo alifika kilele cha Kilimanjaro na jina lake likaingia katika kila kitabu cha watalii. Abushiri naye mwaka huo alikuwa akipigana na Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, kutoka Bagamoyo hadi Mpwapwa. Julai 1889 Wissmann aliitwaa tena Pangani. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa, hapahapa.

Sasa nifike kwenye linaloniumiza. Boma la Pangani bado lipo na bado ni ofisi ya serikali. Lina milango ya kuchonga inayostahili safari peke yake. Nilipitisha kiganja juu ya maua na minyororo ya mti ule mgumu nikajua fundi hakuwa na haraka. Wenyeji husimulia kuwa lilijengwa mwaka 1810 na tajiri wa Kiomani, na kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo ili nyumba iwe imara. Wajerumani walilikuta, wakaliongezea, wakatawala ndani yake. Waingereza wakarithi. Sisi tukarithi. Kijana anayetembeza wageni alinionyesha pia gofu ambako watumwa waliwekwa kusubiri majahazi. Baada ya mwaka 1873, soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa, biashara hapa ilienda kwa siri, watu wakivushwa usiku kwenda mashamba ya karafuu ya Pemba.

Na Abushiri alikuwa na shamba la miwa. Bonde la mto huu lilikuwa la miwa wakati ule, na miwa ya Pangani ililimwa na kusagwa kwa mikono ya watumwa. Mtu tunayemtaja shujaa wa kupinga ukoloni alikuwa bwana wa watu. Nilimwuliza kijana yule mbona kwenye boma ananieleza habari za watumwa, na kwenye habari za Abushiri ananieleza ushujaa tu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, wageni huuliza moja au lingine. Hawaulizi yote mawili."

Jibu hilo nimelibeba. Mwanahistoria Jonathon Glassman aliandika kitabu juu ya pwani hii, kilichotoka mwaka 1995, akaonyesha kwamba waliofurika mitaani 1888 hawakuwa jeshi la Abushiri tu. Walikuwemo Washirazi waliochoka kudharauliwa na matajiri wa Kiarabu, wapagazi wa misafara ya bara, na watumwa waliotaka nafasi yao mjini. Kila kundi lilikuwa na deni lake la kudai, na si madeni yote yalikuwa ya Mjerumani. Ukiwatoa watu hao ukabaki na Abushiri mmoja kwenye picha, umefanya alichofanya yule mpiga picha wa kikoloni: umechagua nani asimame mbele.

Makumbusho ninayoyatamani Pangani yangeanzia hapo. Iringa tumefanya boma letu la mwaka 1914 kuwa makumbusho, Tanga wamefanya vivyo hivyo na lao, na Kalenga tuna fuvu la Mkwawa lililorudi mwaka 1954. Pangani ina kila kitu isipokuwa chumba cha kukiweka. Ningependa usomwe humo, kwa sauti, utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy juu ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, uliotungwa na mtu wa pwani hii aliyeishi wakati uleule na uliochapishwa na J.W.T. Allen mwaka 1955. Ningependa kuwe na kinu cha miwa, na kando yake maneno yasemayo nani alikizungusha. Ningependa pia kuwe na habari ya Kikogwe, ng'ambo ya mto, ambako mwaka 1893 miche 62 ya mkonge iliyosalimika kati ya 1,000 ya Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, ilipandwa. Mkonge wote wa Tanganyika, na maelfu ya manamba walioletwa kuukata, wakiwemo watu wa kwetu Nyanda za Juu, ulianzia kwenye miche hiyo michache.

Na haraka ipo. Daraja la mita 525 linajengwa juu ya mto huu, sehemu ya barabara mpya ya kutoka Tanga hadi Bagamoyo kupitia Saadani. Likikamilika, mabasi yatapita. Watu watashuka kunywa maji na kuuliza mji huu una nini. Wataambiwa la watumwa au la shujaa, kutegemea swali walilouliza.

Ombi langu kwako ni hili. Wewe unafahamiana na wanaotunza boma letu la Iringa. Waombe wabandike ubao mmoja wa maelezo juu ya Zelewski unaoanzia Pangani, Agosti 1888, si Lugalo. Nami nitawapelekea wenyeji wa hapa habari za Lugalo. Wengi niliozungumza nao hawakujua mwisho wa Zelewski. Yule bibi nilipomwambia aliuliza aliuawa na nani, kwa silaha gani, na kama Mkwawa alikuwepo. Nilijibu kadiri ulivyotufundisha. Niandikie yale ambayo sikuyakumbuka, hasa majina ya viongozi wa Kihehe waliopanga mtego, nimpelekee kabla sijaondoka.

Kesho navuka kwenda Kikogwe. Nisalimie nyumbani, na mama usiache kumwambia nakula vizuri.

Mwanafunzi wako.