Gia Nzito za Gari Zito

Watu wakisifu gari husifu injini yake. Sijapata kumsikia mtu barazani akisifu giaboksi, sembuse lile sanduku la pili la gia linalokaa nyuma ya giaboksi katika magari ya porini, ambalo mafundi wetu huliita transfa. Nami, niliyefundisha hesabu na sayansi katika shule za msingi kwa muda mrefu, nimefika mahali pa kuamini kwamba gari la porini lipimwe kwanza kwa sanduku hilo, injini ije baadaye. Injini huzaa nguvu. Transfa ndiyo inayoamua nguvu hiyo ifike kwenye magurudumu ikiwa ya haraka na nyepesi, au ya taratibu na nzito.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, ana Land Rover 110 ya mwaka 1996, yenye injini ya dizeli ya lita 2.5. Ameigeuza kuwa nyumba ya kutembea: hema juu ya paa, kitanda ndani, jiko la gesi, friji ndogo, betri 2, na matangi ya maji. Yeye na mkewe huwachukua wageni wakaenda kulala nao katika milima ya Usambara, hadi Mtae, ambako ardhi hukatika ghafla ukaiona nyika ya Mkomazi imelala chini kama mkeka. Binti yangu ndiye mpishi wa safari, naye hukaa kiti cha mbele. Kwa hiyo habari za gari hili hazikuwa kwangu habari za vyuma tu.

Mwaka 2022 mkwe alinijia kwa heshima zote, akaomba nimwongezee fedha anunue injini kubwa zaidi. "Mzee," alisema, "gari linashindwa mlima." Nilimuuliza linashindwa namna gani. Je, huzimika? Alisema halizimiki. Je, hurudi nyuma? Halirudi. Ila kwenye kona mbaya zenye mawe ya ngazi, wakati wa mvua, hulazimika kukanyaga klachi nusu nusu ili gari lisiruke, na kwa mwenendo huo alikuwa amemaliza klachi 2 katika miezi 14. Na wakati wa kushuka kwenye njia za udongo hukanyaga breki mpaka zikanuka. Harufu hiyo alinieleza binti yangu, si yeye.

Mtu mwenye masikio angetambua kwamba hapo hapakuwa na upungufu wa nguvu. Gari lilikuwa linakwenda mbio mno mahali lilipotakiwa litambae.

Tuchukue kalamu. Katika gari hilo namba 1 ya giaboksi ni 3.69, upande mzito wa transfa ni 3.32, na difu ni 3.54. Ukizidisha zote unapata 43 na sehemu kidogo. Maana yake injini izunguke mara 43 ndipo gurudumu lizunguke mara 1. Gurudumu likizunguka mara 1 gari husogea kama mita 2.5, kwa hiyo katika kila mita moja ya njia injini hugeuka mara 17. Katika upande mwepesi, ambako transfa ni 1.41, injini hugeuka mara 7 tu kwa mita. Injini ikinguruma polepole, mizunguko 750 kwa dakika, gari lililo katika gia nzito litakwenda kilomita 2.6 kwa saa, pungufu ya mwendo wa mtu anayetembea.

Kwa gari tupu hesabu hiyo inatosha kabisa, na waliolibuni hawakuwa wajinga. Lakini gari lililobeba nyumba halipandi jiwe kwa mngurumo wa 750. Linataka 1,500 au zaidi, ndipo injini ile huamka, na hapo mwendo umekwisha kuwa kilomita 5 kwa saa. Kilomita 5 kwa saa juu ya lami ni kidogo. Juu ya ngazi za mawe, na friji nyuma, ni nyingi. Dereva hana la kufanya ila kuchoma klachi. Isitoshe, mkwe alikuwa amefunga tairi ndefu zaidi, apate nafasi chini ya tumbo la gari. Tairi ndefu kwa asilimia 4 inakula asilimia 4 ya gia zako zote, bila kukuomba ruhusa.

Kabla ya kuzungumza habari za kununua chochote, nilimtaka alipeleke gari mizani likiwa na maji, mafuta na abiria. Lilikuwa na kilo 3,380. Kikomo alichoweka mtengenezaji kwa gari hilo ni kilo 3,050. Nilimwambia kwamba kabla ya kushusha gia ashushe mzigo, maana gia haikazi chasisi wala haiongezi ukubwa wa breki. Alinung'unika. Hata hivyo yakatoka kabati la mbao, keria ya chuma, gurudumu la akiba la pili, sanduku la spana ambazo baadhi yake hazikuingia katika nati yoyote ya gari lile, na tangi moja la maji, kwa kuwa maji ya Usambara yako huko huko juu. Likarudi mizani na kilo 3,040. Nusu ya dawa ilikuwa hiyo, tena bure.

Nusu ya pili ndiyo iliyoleta mjadala, na ilikuwa na njia 3.

Fundi mmoja alishauri zitafutwe difu za Land Rover za zamani, zenye 4.7 badala ya 3.54. Hizo hushusha kila gia kwa theluthi moja. Mlimani ni raha. Lakini wageni hupokewa Moshi na Tanga, na barabarani mambo hugeuka: kwa kilomita 80 kwa saa katika namba 5, injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,050 kwa dakika itazunguka zaidi ya 2,700 kutwa nzima. Mafuta yatakwenda, na masikio pia. Tena kipima mwendo cha gari hilo huchukua habari zake kutoka mlango wa nyuma wa transfa, kwa hiyo ukibadili difu kitasema uongo mpaka ukirekebishe.

Fundi wa pili, kijana mwenye maneno mengi, alikuwa na transfa ya Discovery na aliapa kwamba ndiyo yenyewe. Kwa sura zinafanana kama ndugu. Ila ya Discovery upande mwepesi ni 1.22, maana yake gari litakuwa na mbio zaidi, na upande mzito ni 3.32 ile ile. Angetuuzia kinyume cha tulichokitaka, na tungemshukuru. Naona ni vizuri mnunuzi ajue kuzidisha.

Njia ya tatu ni kuifungua transfa na kubadili gia za upande mzito peke yake. Seti za namna hiyo huchongwa nchi za nje, na tuliyoipata ilishusha upande mzito kwa karibu moja ya tano, kutoka 3.32 hadi kama 4. Upande mwepesi haukuguswa. Lami ikabaki lami. Katika namba 1 nzito injini sasa hugeuka kama mara 52 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, karibu mara 21 kwa mita. Mngurumo ule wa 1,500 unalipeleka gari kilomita 4.3 kwa saa. Tofauti ni ndogo katika karatasi, lakini mguu huihisi.

Mimi niliipenda kwa sababu ya kushuka kuliko kupanda. Gari la kilo 3,040 likitoka Lushoto kwenda Mombo huteremka karibu mita 1,000. Anguko hilo likigeuka joto lote linatosha kuchemsha karibu lita 90 za maji, kutoka ubaridi wa asubuhi hadi kutokota. Sufuria zima la uji wa shule. Upepo na tairi huchukua sehemu yake. Inayobaki lazima ichukuliwe na injini au na breki. Injini ina feni na maji ya kuipoza, na kila inavyogeuka mara nyingi zaidi kwa mita ndivyo inavyozuia zaidi. Breki ni vipande vya chuma vinavyong'ang'aniana.

Mwaka 1978 nilishuka mteremko huo na lori lililokuwa limepakia madawati. Dereva, mzee wa makamo asiyejua kusoma, alisimama kabla mteremko haujaanza, akaingiza gia ya chini, kisha akawasha sigara. Nilimuuliza kwa nini hakungoja mpaka ihitajike. Alisema gia ya kushukia huchaguliwa ukiwa juu, kwani katikati ya mlima haikubali kuingia. Tulifika Mombo jua limezama, na madereva wengine walikuwa wametupita kwa kelele nyingi. Nilikuwa mwalimu kijana, nikidhani nimepotezewa siku.

Sitaki msomaji afikiri kwamba gia ya chini haina gharama. Nguvu inayozidishwa mara 52 badala ya 43 hupita katika propela zile zile, difu zile zile na hafushafti zile zile, na hizo hazikuambiwa kwamba mambo yamebadilika. Gari jepesi likizidiwa, tairi huteleza na chuma hupona. Gari zito hubana ardhi. Juu ya mwamba mkavu tairi halitelezi, hivyo chuma ndicho kinachosalimu amri. Kwa hiyo tulipatana na mkwe: mguu mwepesi, na gari likigoma kwenye jiwe asilikaze, arudi nyuma ajaribu mahali pengine. Sina hakika kama hutimiza nikiwa sipo.

Gia zilifungwa Juni 2023. Kazi ilichukua siku 4, siku 1 ikiwa ya kutafuta gasketi. Safari ya kwanza ilikuwa ya Mtae, wageni 2, mvua ya manyunyu. Sikwenda. Jioni binti yangu alinipigia simu akanieleza habari za wageni, bei ya viazi na matope, na mwishoni akasema wameshuka upande mbaya na hapajanuka kitu.

Mkwe ana lalamiko moja, nalo ni la haki. Namba 3 nzito, aliyozoea kupandia vilima vya kawaida, ilikuwa na kasi kidogo kuliko namba 1 nyepesi. Sasa ni ya taratibu kuliko hiyo, na kwake imekuwa haina kazi. Hutumia namba 4 nzito mahali pake, akisema mkono bado unakwenda kwenye 3 wenyewe. Klachi iliyofungwa wakati ule ndiyo iliyomo mpaka sasa. Chini ya kitanda cha wageni, mahali palipokuwa pa lile sanduku la spana, ziko hafushafti 2 za akiba zilizofungwa katika gunia, na uzito wake tumeuhesabu.