Alikijua kikosi chote cha Kagera Sugar, namba ya mwanawe hakuijua

Kagera Sugar iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25, nyumba moja ya Bugarama, wilayani Ngara, ilikaa kama yenye msiba. Redio ilizimwa mapema. Baba wa nyumba hiyo, mkulima wa kahawa na migomba, alikwenda shambani asubuhi bila kunywa chai. Majirani zake wa Simba na Yanga, ambao humtania kila wiki, siku hiyo walimsalimia kwa upole na kumwacha apite.

Si rahisi kumkuta Mtanzania anayependa mpira ambaye si wa Simba wala wa Yanga. Huyu aliichagua timu ya mkoa wake. Kutoka Ngara hadi Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, ni safari ndefu ya basi kupitia Lusahunga, Biharamulo na Muleba, na katika maisha yake ameifunga mara moja tu. Mechi nyingine zote amezisikiliza redioni.

Ana siku yake moja ambayo huisimulia hadi watoto wanamalizia sentensi. Ni tarehe 19 Mei 2018, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Simba walikuwa wamekwisha kuwa mabingwa na walikuwa hawajapoteza mechi ya ligi msimu mzima. Rais John Magufuli alikuwa uwanjani, kombe likisubiri kukabidhiwa. Kagera Sugar wakashinda 1-0. Kombe lilikabidhiwa, lakini furaha ya siku, kwa maelezo ya baba, ilirudi Kagera.

Ndiyo maana kushuka daraja baada ya takribani miaka 20 ya Ligi Kuu kulimuuma. Lakini shabiki wa kweli halali na huzuni muda mrefu, hasa dirisha kubwa la usajili linapofunguliwa. Baba alichukua daftari la zamani la mwanawe wa kidato cha pili, akaligeuza nyuma, akachora safu tatu: wanaobaki, wanaoondoka, wanaokuja.

Huu ndio wakati ambao klabu zetu hutoa picha ya mchezaji mitandaoni na kuandika "Thank You", na mitaani watu husema fulani "amepewa thank you". Kila jina lililosikika redioni au kuonekana kwenye simu ya mtu kijiweni liliingia katika daftari. Baba alijua nani mkataba wake umekwisha, nani alikuwa kwa mkopo, nani goti lilimsumbua. Ukimtajia beki, alikueleza mguu anaoutumia.

Na alikuwa na hoja. Alisema timu iliyoshuka haina haraka ya kununua majina makubwa, ina haraka ya kujua nani yuko tayari kubaki. Ligi ya Championship ina timu 16, mechi 30, na ni mbili za juu tu zinazopanda moja kwa moja. Ya tatu na ya nne huingia kwenye mchujo wa kutafuta nafasi. Viwanja vingine ni vya vumbi, safari ni ndefu, watazamaji ni wachache. Mchezaji anayeona kucheza huko ni aibu atakufungisha mechi hata kama ana kipaji.

Mfano wake ulikuwa wa karibu. Mtibwa Sugar na Geita Gold zilishuka pamoja mwaka 2024. Mtibwa, mabingwa wa Bara wa mwaka 1999 na 2000, walirudi msimu mmoja tu baadaye, tena wakiwa vinara wa Championship. Geita Gold wakabaki kulekule. "Mlango ni uleule," baba alisema kijiweni, "mmoja kapita, mwingine bado anabisha. Tofauti ni namna ulivyojipanga kabla ya mechi ya kwanza."

Watu walimsikiliza. Hata wa Simba.

Katikati ya Julai simu yake iliita. Aliyepiga alijitambulisha kuwa wakala wa wachezaji. Alisema amesikia sifa za kijana wa miaka 15 wa Bugarama, kwamba timu moja ya Ligi Kuu inatafuta vijana wa kikosi chake cha chini ya miaka 20, na kwamba nafasi zilibaki mbili. Alihitaji Sh350,000 za fomu, jezi, vipimo na kitambulisho. Alihitaji pesa hizo ndani ya siku tano.

Kijana alikuwa amesimama mlangoni, amejua tayari. Yeye ndiye aliyempa mtu huyo namba ya baba, kupitia rafiki waliyecheza naye siku ya gulio. Usiku ule hakulala. Aliongea na mdogo wake kitandani kuhusu mabasi, kuhusu jezi, kuhusu kununulia mama kitenge.

Baba naye hakulala, lakini kwa hesabu. Shule ya serikali haina ada, ila sare, madaftari na mchango wa chakula vipo. Pesa taslimu haikuwapo. Kilichokuwapo ni kahawa, nyingine juani inakauka, nyingine bado mtini. Kila mtu wa Kagera anajua njia ya mkato ya kahawa iliyo mtini. Inaitwa butura: unamuuzia mtu mazao kabla hayajaiva, kwa bei atakayotaka yeye, na msimu ukifika unamwangalia akivuna shamba lako. Serikali imeipiga marufuku, wazee wameilaani, na bado mwenye shida huifikiria saa nane za usiku. Baba aliifikiria. Asubuhi alikuwa na jina la mnunuzi kichwani.

Mama alikuwa akichambua maharage uani. Yeye si wa timu yoyote. Alimwacha mumewe aeleze mpango wote, hadi mnunuzi, hadi siku ya kutuma pesa. Kisha akauliza bila kuinua kichwa.

"Baba watoto, hao wachezaji unaowaandika kwenye daftari. Wakisajiliwa, wao ndio wanailipa timu au timu ndiyo inawalipa?"

Baba alifungua mdomo ajibu, akaufunga.

Alikuwa amewahi kuwaeleza watu mara kumi jinsi Mbwana Samatta alivyouzwa na Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, kisha akaenda Genk ya Ubelgiji mwaka 2016. Katika hadithi hiyo yote, pesa ilitembea upande mmoja: anayemtaka mchezaji ndiye aliyefungua pochi. Haikumjia kwamba kwa mwanawe mto ulikuwa unapanda mlima.

Mama aliongeza swali la pili, na hili ndilo lililomkalisha chini.

"Na huyo kijana anacheza namba ngapi?"

Baba alisema namba saba. Mdogo wake kijana, aliyekuwa anapita na ndoo, alicheka. "Baba, kaka ni namba tatu. Tangu mwaka jana."

Mtu aliyejua mguu wa kila beki wa Kagera Sugar hakujua kwamba ana beki wa kushoto nyumbani kwake. Hakuwa baba mbaya. Alinunua viatu vya mpira kwa pesa ya ndizi, hakumkataza kijana kucheza, hakumpiga kwa kurudi na magoti yaliyochubuka. Ila jioni za mechi za shule zilikuwa jioni za redio.

Siku ya tatu alimpigia yule wakala, safari hii akiwa na daftari mkononi. Alimuuliza kama klabu inavyopaswa kuuliza. Timu inahitaji mchezaji wa namba ngapi? Kocha gani amemwona kijana, siku gani, uwanja gani? Atalala wapi, atasoma shule ipi? Barua ya klabu inaweza kutumwa kwa mkuu wa shule?

"Mzee, mpira hauna barua," mtu yule alijibu. "Nafasi zinajaa. Tuma hata nusu kwanza."

Baba alisema atatuma siku barua itakapofika. Kuanzia jioni ile simu ya wakala haikupatikana tena.

Mwalimu wa michezo shuleni alimweleza yaliyobaki, na kila mzazi mwenye mtoto anayecheza yanamfaa. Wakala wa mpira anatakiwa awe na leseni ya FIFA. Kwa mchezaji ambaye bado mtoto, kanuni za FIFA haziruhusu wakala kumfuata mapema zaidi ya miezi sita kabla ya umri ambao sheria ya nchi inamruhusu kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na hata hapo lazima kwanza apate ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa mkataba unaozidi miaka mitatu. Kumpeleka klabu ya nje ya nchi akiwa chini ya umri huo kumekatazwa, isipokuwa kwa masharti machache maalumu. Vipo vituo vya kukuza vipaji vinavyotoza ada kama shule, lakini kituo cha namna hiyo kina mahali pa kukitembelea, kina walimu wa kuwauliza na kinatoa risiti.

Kijana hakutaka kusikia kanuni. "Umeniharibia, baba," alisema, na siku mbili hakula mezani na wenzake. Mama alimpelekea chakula chumbani na hakumsemesha. Baba alitaka kumfokea, kisha akakumbuka mwenyewe alivyoikosa chai yake kwa ajili ya timu ya watu wazima anaowajua kwa sauti ya mtangazaji tu.

Jumamosi alikwenda uwanjani. Hakumwaga mtu. Alisimama karibu na goli, chini ya mti, pamoja na watoto wadogo waliokuwa wakiokota mpira. Kijana alipomwona alikosa pasi mbili mfululizo. Baadaye alitulia.

Baba aliangalia kama anavyosikiliza redio, bila kusema. Aliona kwamba mwanawe haogopi kukaba. Aliona anausoma mpira kabla haujapigwa, jambo ambalo wakubwa wengi hulikosa. Aliona pia kwamba dakika ya 60 pumzi ilikwisha, na kwamba mguu wa kulia alikuwa nao kwa kusimamia tu. Bao pekee walilofungwa lilipitia upande wake.

Njiani walitembea kimya hadi migombani.

"Lile bao ni langu," kijana alisema.

"Ni lako," baba alijibu. "Ulichoka. Lakini kabla ya kuchoka, hakuna aliyepita."

Kijana alimtazama kuona kama anamfariji. Hakuwa anamfariji. Alikuwa anamweleza mchezaji hali yake kama kocha anayetaka kubaki naye.

Ndipo walipopanga msimu. Novemba kuna upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, na hesabu za kijana zilikuwa zimeshuka daraja kabla ya Kagera Sugar. Walikubaliana: jioni tatu za mazoezi, jioni mbili za hesabu, asubuhi kukimbia hadi kisimani na kurudi kabla ya shule. Mwakani, shule zitakapochagua timu za UMISSETA, ajaribu tena, kwa sababu huko huchujwa kutoka shule hadi wilaya hadi mkoa mbele ya macho ya walimu, na anayeachwa anajua ameachwa na nani. Kama hatachaguliwa, atamuuliza mwalimu alichokosa, na baba hatakwenda shuleni kugomba.

Hilo la mwisho baba alilisema kwa shida. Mwaka huu kijana alipoachwa kwenye timu ya wilaya, yeye ndiye aliyetangaza kijiweni kwamba kulikuwa na upendeleo. Hakuwa ameangalia mechi hata moja. Kwa wachezaji wa Kagera waliopewa "thank you" alisema kocha anajua anachofanya. Kwa mwanawe alisema kocha ni mwizi.

Hakuna ajuaye kama kijana atafika Kaitaba akiwa na jezi, au atafika kama shabiki mwenye tiketi. Wengi wa wanaocheza vizuri wakiwa na miaka 15 huishia kucheza siku za gulio, na hilo si maisha mabaya. Kagera Sugar nayo ilikuwa na mechi 30 mbele yake, na baba alipoulizwa alisema kwamba itamaliza kati ya nafasi mbili za juu, ingawa sauti yake ilishuka kidogo alipolisema.

Kahawa ilibaki mtini hadi ilipoiva. Ilichumwa, ikaanikwa, ikapelekwa kwenye chama cha msingi kwa mizani.

Daftari lipo bado. Wiki moja baadaye, katika safu ya wanaobaki, chini ya majina ya watu ambao hawamjui, baba aliandika jina la mwanawe. Pembeni akaweka: namba tatu, aongeze pumzi. Mama alipolikuta mezani alilisoma lote, kisha akauliza yeye ameandikwa safu gani.

Baba alicheka, akaomba kalamu.