Habari za Zamani za Mwenzako

Karibu kila mmoja wetu anajua jambo la zamani la mtu mwingine. Huyu aliwahi kufungwa. Yule alikuwa mlevi, akaacha pombe. Mwingine anatumia dawa za maradhi asiyopenda yatajwe. Watu hawa tunaishi nao. Tunalima nao, tunafanya kazi nao, tunasoma nao darasani.

Sasa fikiri. Mmoja wao anaomba kazi, na wewe unajua habari zake. Je, umwambie mwajiri?

Wako watakaosema, "Mwambie. Ukificha, wewe pia una hatia." Wako watakaosema, "Nyamaza. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Jambo hili lilinifika mimi mwenyewe. Nitakueleza lilivyokuwa, ili ulipime wewe na wenzako darasani.

Mwenyekiti anauliza

Mimi ni ofisa elimu ya watu wazima katika kata moja ya Mkoa wa Mtwara. Natembelea madarasa ya kisomo vijijini. Katika kijiji kimoja tunaye mwalimu wa kujitolea. Anafundisha mara tatu kwa wiki, jioni, watu wanapotoka shambani. Yeye ni fundi seremala, na mabenchi ya darasa lile aliyatengeneza yeye.

Siku alipoanza kufundisha alinieleza habari zake. Alipokuwa kijana aliajiriwa dukani katika mkoa mwingine. Aliiba fedha za tajiri wake. Alishtakiwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Mfungwa mwenye mwenendo mwema hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo alikaa gerezani miaka 2. Useremala alijifunza hukohuko. Aliniambia, "Nakueleza mwenyewe, kwa sababu sipendi uje kusikia kwa mtu mwingine."

Mwezi wa Septemba 2023 mwenyekiti wa chama cha ushirika cha kijiji alinijia. Msimu wa korosho ulikuwa unakaribia. Chama kilitaka karani wa mizani. Watu watatu walikuwa wameomba kazi hiyo, na mmoja wao alikuwa mwalimu wetu.

"Shikamoo, mzee," nilimsalimu.

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kwa sababu ya huyu mwenzako. Wewe ndiye unayefanya kazi naye. Je, tunaweza kumwamini?"

Ndugu msomaji, swali hilo lilikuwa zito. Unajua kazi ya karani wa mizani. Mkulima analeta korosho zake chamani. Karani anazipima, anaandika uzito, anatoa stakabadhi. Baadaye korosho zinapelekwa ghala kuu na kuuzwa kwa mnada. Mkulima analipwa kwa uzito ulioandikwa katika stakabadhi. Karani akipunja kilo 2 tu kwa kila gunia, mkulima mwenye magunia 10 amepoteza kilo 20. Kilo hizo ni daftari za watoto, ni dawa, ni chumvi na sabuni.

Kwa hiyo upande mmoja walikuwapo wakulima na jasho lao la mwaka mzima. Upande wa pili alikuwapo mtu aliyekosa, akaadhibiwa, akamaliza adhabu yake. Alikuwa ameishi nasi miaka 6 bila lawama. Nikisema, huenda nikamwadhibu mara ya pili. Nikimsifu tu kana kwamba sijui lolote, nitakuwa nimewadanganya wakulima.

Jibu nililotoa

Nilimwambia mwenyekiti yale niliyoyaona kwa macho yangu. Nilimwambia kwamba mwalimu huyu anafika darasani kwa wakati. Daftari lake la mahudhurio ni safi. Fedha za chaki na za betri za taa anazipokea yeye, na kila shilingi ameiandika.

Kisha nikasema, "Mzee, maisha yake ya kabla ya kuja hapa si yangu kuyaeleza. Waiteni waombaji wote watatu. Muulizeni kila mmoja maswali yaleyale: alifanya kazi wapi, kwa nini aliacha, na kama aliwahi kupatikana na hatia ya wizi. Atajibu mwenyewe."

Kwa nini wote watatu? Kwa sababu kama ningesema, "Muulizeni huyu," ningekuwa tayari nimesema. Pia ni haki kwa chama. Anayekabidhiwa mali ya watu aulizwe, awe mgeni au mwenyeji, awe ndugu wa mwenyekiti au asiwe.

Jioni ileile nilikwenda kwa mwalimu. Alikuwa anapiga randa. Nilipomweleza, aliiweka randa chini.

"Umeniuza?" akauliza.

"Sikukuuza, ndugu yangu. Sikusema neno lolote la gerezani. Lakini mtaulizwa nyote. Ukikana, na bodi ikija kuniuliza mimi, sitasema uongo. Na ukisema kweli, nitakuja kushuhudia yale niliyoyaona kwako."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Mke wangu hajui."

Hapo nami nikakosa la kusema. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini ndani ya nyumba ile hata mke hakuijua. Nilimwambia kwamba anaweza kuondoa ombi lake la kazi, na mimi sitamtaja kwa mtu. Uamuzi ulikuwa wake.

Siku mbili hakuonekana darasani. Baadaye nilisikia kwamba mkewe amekwenda kwa wazazi wake. Alikaa huko wiki moja, kisha akarudi. Alipoulizwa na jirani, alisema, "Sikuchukia kwamba alifungwa. Nilichukia kwamba sikuambiwa."

Mbele ya bodi

Siku ya kuulizwa ilipofika, mwalimu alikwenda. Alisema yote: aliiba nini, alifungwa muda gani, alitoka lini. Nami niliitwa nikaeleza niliyoyaona, kisha nikatoka. Wajumbe walijadiliana mpaka jua likazama.

Walimpa kazi, kwa masharti matatu. Kwanza, kila gunia lipimwe mbele ya mwenye korosho, naye asome uzito mwenyewe kabla haujaandikwa. Pili, katibu aweke sahihi katika daftari la mizani kila jioni. Tatu, ghala lifungwe kwa kufuli mbili, na funguo zake zishikwe na watu wawili tofauti. Bodi ilisema kwamba masharti haya ni ya karani yeyote, wa sasa na wa baadaye.

Mjumbe mmoja alikataa mpaka mwisho. Alisema, "Mimi nilipunjwa zamani, na aliyenipunja alikuwa na maneno mazuri kama haya." Mjumbe huyo si mtu mbaya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Habari zilienea kijijini. Mtoto wa mwalimu aliitwa "mtoto wa mfungwa" shuleni, akarudi nyumbani analia. Kwa hiyo usidhani kwamba kusema kweli hakuna gharama. Lakini msimu ule ulikwisha, na daftari la mizani na stakabadhi za wakulima vililingana.

Jambo moja lilinifurahisha. Wakulima waliosimama mbele ya mizani na kusoma namba wenyewe, wengi walikuwa wanakisomo wetu. Mkulima anayeweza kusoma mizani na stakabadhi yake hana haja kubwa ya kuchunguza maisha ya zamani ya karani. Anachunguza kazi yake ya leo.

Mambo matatu ya kujiuliza

Ukikutwa na jambo kama hili, jiulize maswali haya.

La kwanza: Je, jambo hili linahusu kazi yenyewe? Wizi wa fedha unahusu kazi ya kutunza mali. Lakini kuachika, kuzaa kabla ya ndoa, au maradhi ya mtu, kunahusu nini na kupima korosho? Katiba ya nchi yetu, ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa maisha yake binafsi. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu, ujauzito, hali ya ndoa au virusi vya UKIMWI. Na tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Inawabana wanaokusanya na kutunza habari za watu, kama waajiri na hospitali, wasizitumie ovyo. Habari za afya ya mtu na za makosa aliyoyafanya zinahitaji ulinzi zaidi.

La pili: Je, hatari ipo sasa? Hapa usichanganye mambo. Mtu aliyeiba zamani akaadhibiwa ni mbali na mtu anayeiba leo. Ukimwona karani anabadili namba katika daftari, hiyo si siri yake. Ni mali yenu inaibwa. Sema kwa bodi mara moja. Vivyo hivyo kwa mtu anayedhuru watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwa serikali ya mtaa au ya kijiji. Unaweza pia kupiga simu namba 116 bila malipo. Katika mambo haya kunyamaza ni kumsaidia mkosaji.

La tatu: Je, mwenyewe amepewa nafasi ya kusema? Kama jambo linahusu kazi, na hatari haipo leo, nenda kwake kwanza. Usiende kwa mwajiri kwanza. Mtu akijieleza mwenyewe, anaeleza kosa na pia anaeleza alivyobadilika. Akielezwa na mwingine, kosa tu ndilo linalofika, tena likiwa limeongezwa chumvi njiani.

Na kuna swali jingine dogo, la kujiuliza ukiwa peke yako: kwa nini nataka kusema? Pengine ni kwa ajili ya wakulima. Pengine ni kwa sababu ndugu yako naye ameomba kazi hiyohiyo. Jibu hilo unalijua wewe.

Maji yakimwagika hayazoleki. Ndugu msomaji, kabla hujaipeleka habari ya mwenzako kwa mwajiri wake, pita kwanza nyumbani kwake, umweleze unalolijua, umsikilize.

Maswali ya kujadiliana

1. Kama wewe ungekuwa mjumbe wa bodi, ungekubali au ungekataa? Toa sababu.
2. Je, mwalimu angemweleza mkewe mapema? Kwa nini?
3. Mkulima ana magunia 15. Karani anapunja kilo 2 kwa kila gunia. Mkulima amepoteza kilo ngapi?
4. Katika chama chenu, nani anasoma mizani? Nani anashika funguo za ghala?