Ufunguo wa Klabu ya Askari

Mtu apitaye Syokimau siku hizi huona nyumba za ghorofa, malango ya chuma yenye walinzi, stesheni ya gari la moshi iliyofunguliwa mwaka 2012, na stesheni kubwa ya reli mpya iliyoanza kupokea abiria wa Mombasa mwaka 2017. Wakamba husimulia ya kuwa jina la mahali hapa ni la mwanamke mwaguzi wa zamani, aliyewaambia watu wake kwamba atakuja nyoka mrefu kutoka katika maji makuu ya mashariki, akitema moto na moshi, naye ataivuka nchi mpaka maji ya magharibi. Nyoka huyo alifika Nairobi mwaka 1899, na leo watoto wa Ukambani humpanda kwenda kazini. Juu ya klabu za askari mwaguzi hakusema neno, wala hapana aliyemwuliza.

Katika mojawapo ya nyumba hizo, kwa mwanawe wa kiume, anakaa mzee aliyekuwa sajini katika jeshi la Kenya. Alijiandikisha miaka michache baada ya Uhuru, akatumika zaidi ya miaka ishirini, akatoka na pensheni yake na magoti yasiyopenda ngazi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi huvaa koti lake la buluu lenye beji kifuani, hutia mfukoni kalamu ya wino na penseli, huchukua mfuko wenye kitabu kikubwa cha jalada gumu, kisha hupanda matatu, akapitia Mlolongo na Kyumvi mpaka Machakos. Mkaza mwanawe humwuliza kila mara kama si afadhali apumzike nyumbani. Yeye hujibu kwamba ufunguo wa klabu uko kwake, na asipokwenda mlango hautafunguliwa. Jibu hilo ni la kweli kuliko yule binti anavyodhani, maana ufunguo wa pili ulipotea zamani pamoja na mtu aliyeuweka.

Klabu yenyewe si kubwa. Ni ukumbi mmoja wa mabati, chumba kidogo cha vinywaji, na mti ambao chini yake huchomwa nyama. Ukutani zimo picha za vikosi, nyingine zimefifia hata nyuso hazijulikani, zikabaki kofia tu. Zamani watu walikaa hata nje, wakapokezana zamu kwenye bao la drafti, na aliyechelewa alikosa kiti. Leo wanachama wote waliohudhuria hutosha meza mbili, na meza ya pili huwekwa kwa ajili ya heshima zaidi kuliko kwa ajili ya haja.

Ili mtu aelewe jinsi mambo yalivyofika hapo, yafaa akumbuke vyama hivi vilitoka wapi. Havikuanza na bia. Kabla ya vita vya mwaka 1914 palikuwa na vyama vya beni katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, vyenye ngoma za mwendo wa kijeshi, vyeo vya ujenerali na ufalme, na mashindano makali kati ya upande na upande. Baada ya vita askari na wapagazi walivichukua vyama hivyo mpaka bara, Tanganyika na Nyasa na Kongo, vikiitwa Marini na Arinoti. Maofisa wa Serikali za kikoloni waliviogopa, wakidhani ni fitina, wakachunguza sana. Walichokikuta ni ngoma, na mavazi, na pamoja na hayo watu waliozikana na kusaidiana katika miji ambako hawakuwa na ndugu. Vyama vya beni navyo vilikuwa na siku zao, vikapungua, na sehemu nyingi vikafa, wala dunia haikusimama.

Baba yake sajini alikuwa askari wa Keya. Neno hilo ndilo watu walilotumia kwa KAR, lile jeshi lililoundwa mwaka 1902. Katika vita vya pili Kenya ilitoa askari Waafrika wapatao 98,000, na Ukambani ilitoa wengi sana, wakati mwingine kwa kupenda na wakati mwingine kwa njaa ya mshahara. Ajabu ni kwamba mwaka 1938, mwaka mmoja tu kabla ya vita, Wakamba maelfu walikuwa wamekwenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu kukataa kupunguziwa ng'ombe zao. Baba huyo alipigana Uhabeshi mwaka 1941, na mwaka 1944 alikuwa katika Divisheni ya 11 iliyoshuka bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua na matope yaliyomeza magari. Rafiki zake wengine hawakufika huko. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi, wakafa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Aliporudi, baba alifungua duka, duka likafa, akarudi kulima. Nyumbani hakusimulia vita. Watoto wake walijua alikuwa Burma kwa sababu hakuweza kulala mvua ilipopiga mabati. Lakini mwisho wa mwezi alikwenda kukaa na wenzake, na mara mbili au tatu alimchukua mtoto, akamkalisha nje na chupa ya soda. Mtoto alisikia sauti ambayo hakuijua. Ilikuwa ni baba yake akicheka. Walizungumza Kiswahili cha Keya, kile ambacho walimu wa shule walikidharau kwa kuwa hakikujali ngeli wala adabu za sarufi, lakini Mkamba na Mjaluo na Mnandi walielewana kwacho usiku, chini ya risasi, na hapana aliyeomba kamusi.

Juu ya malipo yao mengi yamesemwa. Nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha ya kwamba fedha walizopewa askari mwisho wa vita zilipimwa kwa rangi ya ngozi, hata Mwafrika akapata theluthi ya alichopata mzungu wa cheo kile kile. Wazee wa klabu hawakuhitaji nyaraka. Walikuwa wakilisema jambo hilo tangu mwaka 1946, ila hapakuwa na aliyeandika. Shirika la askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola, lililoanzishwa Cape Town mwaka 1921, limeendelea kuwapelekea msaada waliotumika chini ya Taji kabla ya uhuru. Watu hao sasa ni wa kuhesabiwa kwa vidole. Mfalme Charles alipokuja Kenya mwaka 2023, waliopokea nishani mpya mkononi mwake kule Kariokor walikuwa wazee wachache waliozidi umri ambao wengi wetu hautufiki.

Basi klabu ikabaki kwa kizazi cha pili, cha sajini huyu. Chama kikubwa cha nchi, kilichojulikana miaka mingi kwa jina la KAFOCA na leo kwa jina la DEFOCA, bado kipo, na kila mwezi wa Novemba wazee hukusanyika katika makaburi ya vita ya Ngong Road. Lakini sherehe ya mara moja kwa mwaka haiwezi kuweka ukumbi wazi. Pensheni siku hizi huingia benki kimya kimya. Zamani mtu aliifuata mjini kwa miguu yake, na kwa kuwa amekwisha fika mjini, alifika klabuni. Tena askari wa leo wakistaafu hawarudi wote kwenye utui wa baba zao. Wananunua ploti Syokimau, Kitengela, Joska, kila mmoja nyuma ya lango lake. Wana vyama vyao vya akiba na mikopo, na wana vikundi vya simu ambamo habari ya msiba huenea kabla chai haijapoa. Kusema kweli, kwa kuchanga fedha wamewashinda wazee mbali. Yapo pia maneno yasiyosemwa mbele ya wageni: kwamba wazee walipenda mno vyeo, kwamba hesabu za chumba cha vinywaji hazikusomwa miaka kadhaa, na kwamba kijana aliyetoka Somalia, ambako majeshi ya Kenya yaliingia Oktoba 2011, alipoanza kusimulia aliambiwa anyamaze asikie habari za vita vya kweli. Mtu akiambiwa hivyo mara moja, hana haja ya kurudi mara ya pili.

Mwaka huu pamekuja mtu anayetaka kukodi ukumbi wote auweke baa yenye muziki. Fedha anazotaja ni nyingi kuliko ada ya wanachama wote. Mezani wamegawanyika. Wengine husema heri nusu ya mkate, wapewe kona na meza yao. Wengine husema kwamba klabu ya namna hiyo itakuwa kama shamba lililokodishwa mpaka mwenyewe anabisha hodi. Sajini hajasema lake. Jambo linalomzuia limo ndani ya kile kitabu anachobeba.

Kitabu hicho ni orodha ya wanachama. Aliyekianzisha, Mungu amrehemu, alikipiga mistari miwili mirefu: upande mmoja jina la jeshini, upande wa pili jina la nyumbani. Msomaji asiyejua maisha ya jeshi atashangaa. Lakini watu wengi waliandikwa kwa jina alilolisikia karani, au jina la ubatizo tu, au jina la babu, au jina la ndugu mkubwa aliyekuwa na cheti cha shule. Miaka ishirini mtu huitwa kwa jina hilo, na wenzake hawalijui lingine. Kisha anafia nyumbani kwa jina la pili, ambalo jeshi halijapata kulisikia. Mwaka 2022 Bunge lilitunga sheria ya askari wastaafu, na ni jambo jema. Ila sheria haiwezi kukumbuka sura ya mtu.

Jumamosi moja alikuja kijana aliyekwisha acha jeshi, akasimama mlangoni kama mtu asiyejua kama ameruhusiwa.

"Afande, natafuta katibu."

"Umempata. Kaa, mwanangu."

Hakuja kunywa. Baba mkwe wake alikuwa amefariki, na mjane alikuwa akienda ofisi moja na kurudi, miezi saba sasa, kwa sababu cheti cha kifo kilikuwa na jina moja na karatasi za jeshi zilikuwa na lingine. Alikuwa ameambiwa alete watu wawili waliotumika pamoja na marehemu. Sajini alimwuliza jina. Kijana akalitaja la nyumbani. Mezani hapana aliyelijua. Sajini akafungua kitabu, akashuka na kidole katika mstari wa pili, ukurasa hadi ukurasa, na alipolikuta akasoma kwa sauti jina lililoandikwa ng'ambo yake. Mzee mmoja wa meza ya pili, ambaye alikuwa akisinzia, akainua kichwa.

"Huyo? Huyo tulikuwa naye Lanet. Alikuwa akipika chai mbaya kuliko watu wote."

Wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa maana hawakuwa wamesikia kwamba amekufa. Alikuwa ameacha kuja miaka mingi, baada ya ugomvi wa hesabu. Hata hivyo hakufutwa. Mashahidi wawili wakapatikana, sajini na yule mzee, na siku ya kwenda ofisini ikawekwa. Sajini alitazama zile kurasa, na mistari myekundu iliyokata majina, akahesabu moyoni ni wangapi waliobaki ambao wangeweza kumshuhudia yeye mwenyewe. Hakuitaja hesabu hiyo.

Kijana alishukuru sana. Akaeleza kwamba wenzake wanalo kundi lao la simu, lenye watu wengi, wa kila kikosi.

"Humo," sajini akauliza, "wewe umeandikwa jina gani?"

Kijana akatabasamu. "Kifaru, afande. Wote wananijua Kifaru."

"Na mke wako akienda kwao kuuliza habari za mume wake, atamwuliza nani habari za Kifaru?"

Kijana hakujibu. Alichezea kifuniko cha soda mezani. Kisha akauliza ada ni kiasi gani. Alipoambiwa, akasema hakuja na fedha hizo, ila mwisho wa mwezi ujao akipata nafasi atapita, ingawa Jumamosi huwa kazini, analinda benki moja Nairobi.

Katika klabu ile jina la aliyelipa huandikwa kwa wino, na la aliyeahidi kwa penseli. Kuna kurasa nzima za penseli, nyingine zimefutika zenyewe. Sajini akatoa penseli, akainoa kwa kisu cha nyama, akamsogezea kijana kitabu.

"Andika mwenyewe," akasema. "Pande zote mbili."