Uru bado wanaisikia Simba ya '93

Mpenzi msomaji, kama Jumamosi yako haina kazi na umechoka kukaa kijiweni unahesabu bodaboda, panda gari uende Uru. Si mbali hata kidogo. Ukisimama Moshi mjini ukatazama mlimani, ile kijani nzito inayopanda kule juu ya Rau na KCMC, katikati ya Kibosho na Mbokomu, ndiyo Uru yenyewe. Nauli haiumi. Kinachouma ni kukaa, maana utabanwa kati ya mama mwenye tenga tupu anayetoka sokoni na kijana aliyepakata mfuko wa saruji kama mtoto, na konda bado anaita watu.

Chukua sweta. Joto la mjini linadanganya sana. Ukishaanza kupanda, migomba inafunga barabara pande zote mbili, masikio yanaziba kidogo, hewa inabadilika, halafu unaanza kusikia maji bila kuyaona. Ni mifongo hiyo, mifereji ya wazee wa zamani inayoshusha maji kutoka msituni mpaka vihambani.

Siku hizi ukitaja Uru watu wanafikiria Materuni tu, yale maporomoko. Sawa, ni mazuri, nenda kayaone. Utamkuta mzungu kalipa pesa yake, kashikishwa mchi, anatwanga kahawa huku anaimbishwa, picha kibao, anafurahi kweli. Kazi za kahawa hizo hizo vijana wa huku zamani walikuwa wanazikwepa kwa kujifanya wanaumwa tumbo. Dunia ina mambo.

Mimi safari hii maporomoko niliyapita. Nilishuka mapema, nikafuata kinjia cha matope mpaka kwenye kilabu kimoja ambacho hakina hata jina. Ni banda la mbao na bati, mabenchi manne, na mama mmoja ambaye mbege yake inasifiwa mpaka Kishumundu. Kwa wale ambao hamjui, mbege ni ndizi mbivu zilizopikwa zikachacha, unachanganya na ulezi, na magome ya msesewe kwa ajili ya ule uchungu. Ukiingia usikimbilie kukaa. Unasalimia wote, mmoja mmoja, na mzee unamwita meku. Ukiruka mmoja, habari yako itafika nyumbani kabla yako.

Nilikuwa nimevaa jezi nyekundu. Mzee mmoja wa pembeni, kofia ya sufi imeshuka mpaka kwenye nyusi, akanitazama kuanzia juu mpaka chini akauliza kama Simba naijua au nimenunua shati. Nikamwambia naijua, meku. Nikaanza kumhesabia: Mei 2025, fainali ya Kombe la Shirikisho, Berkane kule Morocco tukala mbili bila, marudiano Amaan Zanzibar moja moja, kombe likaondoka. Wazee wakacheka. Wakacheka kweli, yule mama akatoka jikoni kuja kuona kuna nini.

Halafu yule mzee akaweka kata chini akaanza: Mwameja, Kasongo, Twaha Hamidu, Masatu, Masha, Malota Soma, Chumila, Dua Said... Alikuwa anataja taratibu, macho ameyafumba, na wenzake wanaitikia kwa kichwa kila jina. Kama umewahi kusali misheni utajua ninachosema. Ile ilikuwa litania.

Vijana wenzangu wa miaka ya elfu mbili, hebu niwape habari kidogo ili twende pamoja. Mwaka 1993 Simba ilicheza Kombe la CAF, mashindano yaliyokuwa yameanza mwaka mmoja tu nyuma yake. Ikawatoa Ferroviário wa Msumbiji, ikawatoa Manzini Wanderers wa Swaziland, ikawatoa Waalgeria wa El Harrach, ikawatoa ASA wa Angola. Ghafla bin vuu, ipo fainali na Stella Abidjan ya Ivory Coast. Kule Abidjan ikatoka suluhu, bila kwa bila. Sasa wewe jiweke kwenye nafasi ya mtu wa mwaka huo: umetoka sare ugenini, marudiano ni kwako, Uwanja wa Taifa wa zamani, huu unaoitwa Uhuru leo. Kombe si lako hilo? Mfadhili wa timu, Azim Dewji, alikuwa ameahidi kila mchezaji gari aina ya KIA wakilichukua. Mzee mmoja anasema ahadi ile ilivyofika Uru ilileta utata, kwa sababu huku kwetu KIA ni uwanja wa ndege, na wapo walioamini wachezaji watapewa ndege.

Kitu ambacho nilikuwa sikijui ni hiki. Katika wale wazee wote wanaoizungumzia mechi ile kama waliichezea, hakuna hata mmoja aliyeiona.

Wangeionea wapi? Mwaka 1993 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Zanzibar walikuwa nayo yao tangu miaka ya sabini, lakini sisi wa Bara ITV imekuja 1994. Hata redio ilikuwa moja tu, RTD. Ukitaka mpira unasubiri sauti za watu kama Ahmed Jongo na Charles Hilary, ambaye alifariki Mei 2025, mwezi uleule wa ile fainali ya Amaan. Kutoka Uru mpaka Taifa ni zaidi ya kilomita mia tano. Ukipenda mpira, unatafuta mwenye redio.

Na redio nayo ilikuwa na masharti yake. Wananisimulia ilikuwa ya mbao, mali ya baba wa mmoja wao, kainunua kwa pesa ya kahawa miaka bei ilipokuwa bado inamheshimu mkulima. Betri za National zikichoka haitupwi hata moja, zinaanikwa juani kwenye kichanja pamoja na kahawa. Antena ilikatika siku nyingi, kwa hiyo kulikuwa na waya uliopanda kwenye mparachichi, na kijana mmoja kazi yake ilikuwa kuushika. Akiuachia, mawimbi yanaingia kelele. Huyo kijana alisikiliza mashindano yote ya 1993 akiwa juu ya mti, anashika waya kwa mkono mmoja, na kila bao likiingia wanamwomba asishangilie.

Siku ya fainali ilikuwa mwishoni mwa Novemba, mvua za vuli, matope kila mahali, kahawa za mwisho bado zinamenywa kwa ile mashine ya kuzungusha kwa mkono. Watu tisa walikuwa wameizunguka redio. Nimeambiwa kila mmoja alikaa wapi. Nani kwenye kinu kilichopinduliwa, nani kwenye debe, nani alisimama mlangoni kwa sababu mama yake alikuwa anamtafuta akate majani ya ng'ombe. Rais Mwinyi yupo uwanjani, mtangazaji anataja, wao huku wanajiweka sawa utadhani Rais anawaona.

Halafu Boli Zozo. Jina hilo, msomaji, usilitaje kilabuni Uru kwa mzaha. Jean Boli Zozo alifunga la kwanza, akafunga na la pili, Stella wakaondoka na kombe mbele ya Watanzania wote. Mbili bila.

Ni mama mwenye kilabu aliyenisimulia kilichofuata, kwa sababu wazee walipofika hapo walinyamaza. Mwaka huo yeye alikuwa msichana, kilabu kilikuwa cha mama yake, na redio ilikuwa nyumba ya pili tu, juu ya mfongo. Anasema walikuwa wamepika mbege nyingi kuliko kawaida, wanajua vijana watashuka kusherehekea. Hakushuka mtu. Mbege ililala, ikachacha kupita kiasi. Jioni akatumwa kwenda kuangalia kuna nini, akamkuta yule wa kwenye mparachichi bado yupo juu, waya mkononi, na redio imeshazimwa muda mrefu.

Nikauliza mabao yenyewe yalikuwaje. Hapo ndipo palipowaka moto. Wa kofia ya sufi akasimama, akaonyesha kwa mguu, kwamba la pili lilipigwa hivi, likaenda kushoto kwa Mwameja. Mwenzake akasema kushoto ya wapi, lilikwenda kulia, chini kabisa. Wa tatu akasema nyie wote waongo, mtangazaji alisema hivi. Miaka zaidi ya thelathini, na ubishi ni mbichi kama wa jana. Kila mtu ana bao lake la Boli Zozo kichwani na hataki kulibadilisha.

Mimi kijana wa leo nikatoa simu. Nikasema subirini, wazee wangu, nitafute mtandaoni, pengine ipo video, tumalize ubishi. Mtandao ule bondeni unavutavuta, nikawa nimeinua simu juu natafuta mawimbi. Wa kofia akaushusha mkono wangu kwa upole, akasema, "Zima hiyo, mwanangu." Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Wale wengine waliokuwa wanabishana dakika ile ile wote wakamuunga mkono, nizime.

Nilikaa nikawaza. Ile mechi ya Amaan nimeiangalia kwenye skrini kubwa, Pasua, watu zaidi ya mia, bao la kusawazisha la Berkane nimeliona likirudiwa mara kumi kwa pembe nne. Niulize nilikaa na nani kulia kwangu. Sijui. Wao hawajaona mpira hata ukidunda, lakini wanajua aliyekaa kwenye debe alikuwa na kidonda mguuni.

Na huyo wa kwenye debe hayupo. Hili lilitoka kidogo kidogo, nikiwa nimeshanunua kata ya pili kwa ajili ya meza. Kati ya wale tisa wamebaki wanne. Mmoja aliondoka Januari iliyofuata kwenda Dar kutafuta kazi, wakamfuata wengine wawili, unajua tena sisi Wachaga na safari. Ikawa wanaonana Desemba tu, wakipanda kula Krismasi. Miaka ile ya tisini ilikuwa na ugonjwa wake ambao watu walikuwa hawautaji kwa sauti, nao ulifika Uru kama ulivyofika kwingine. Kahawa nayo ikaingiliwa na wanunuzi binafsi, bei ikawa inapanda na kushuka anavyotaka yeye, wengi wakang'oa mibuni wakapanda nyanya na ndizi. Yule wa juu ya mparachichi karudishwa mwaka 2001 kwenye sanduku. Kaburi lake nimeonyeshwa, lipo kihambani kwao, limezungukwa na isale, na mparachichi upo hatua chache tu kutoka hapo. Umekuwa mkubwa sana. Waya haupo, ila gome limebaki na alama ya pale ulipokaza.

Redio ipo. Nimeishika. Imewekwa juu ya kabati nyumbani kwa mzee wa kofia, imefunikwa kitambaa cha kufuma, haina betri na haina mpango wa kupona. Nikamuuliza kwa nini asiipeleke kwa fundi mjini, wapo mafundi wazuri tu. Akasema itaongea nini siku hizi?

Usidhani Uru wamelala kwenye zamani, hapana. Ving'amuzi vipo, banda la mpira lipo, vijana wa huko wanajua kikosi cha Arsenal kuliko wewe. Wakati Polisi Tanzania ipo Ligi Kuu, kuanzia 2019 mpaka iliposhuka 2023, walikuwa wanajaza magari kwenda Ushirika kuwaona wakubwa kwa macho. Hata hao wazee walikwenda. Nikawauliza ilikuwaje kuiona Simba laivu baada ya miaka yote hiyo. Mmoja akasema ilikuwa nzuri, ila uwanjani hakuna mtu anayekuelezea, lazima uangalie mwenyewe.

Nilikuwa nimeshaaga, nawahi gari la mwisho, akaingia mzee mwingine na shati la kijani. Nikajua tu. Hakusalimia hata nusu ya watu, akauliza mnazungumzia nini, akajibiwa tisini na tatu. "Tisini na tatu?" akasema. "Tisini na tatu sisi Yanga tumekwenda Kampala tumempiga Villa mbili moja kwao, tumerudi na kombe la Afrika Mashariki na Kati. Nyie mlirudi na nini?" Mabenchi yote manne yakasimama kwa pamoja. Mama akaja haraka akaanza kuondoa kata mezani moja moja kabla hazijavunjika, na mimi nikashuka kwenye matope na sauti zao zikinifuata mpaka barabarani, na konda akaniuliza kule juu kuna msiba au kuna mpira.